Kwaya ya Vijana: Ya Waliochujwa au ya Wote?

Kila kwaya ya shule ina kijana huyu. Februari anaimba sauti ya pili bila taabu. Juni, tamasha la kaunti likikaribia, sauti inamkatikia katikati ya mstari, inaruka juu, inaanguka chini, na wenzake wanacheka. Mwalimu amebakiwa na wiki mbili. Amtoe au ambakize?

Swali hilo dogo limebeba jingine kubwa: kwaya ya vijana ni ya nani? Ni ya waliopimwa wakaonekana wanafaa, au ni ya kila mtoto anayependa kuimba? Nimeliweka swali hili Kabianga, upande wa Belgut katika kaunti ya Kericho, kwa sababu yote yanayolifanya liwe gumu yanakutana hapo. Kuna shule ya wavulana iliyoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1925, chuo kikuu kilichopewa hati yake mwaka 2013, na makanisa yenye kwaya zake za vijana. Kuna chai inayowatoa wazazi kitandani alfajiri, na mvua ya alasiri inayopiga mabati hadi mtu hasikii maneno yake mwenyewe. Tena kuna mila ya Wakipsigis, ambayo ina kauli yake kuhusu nani aimbe wimbo gani, na lini.

Wasemaji wanne wafuatao nimewaunda mimi ili hoja zijibizane. Hoja zenyewe si zangu, na yeyote aliyewahi kuketi kwenye mazoezi ya kwaya atazitambua. Mwalimu anafundisha sekondari msingi na ndiye mwenye kwaya ya tamasha. Mwelekezi anaongoza kwaya ya vijana kanisani. Mama ni mchuma chai, na mwanawe yuko gredi ya nane. Mzee aliongoza nyimbo kwenye sherehe nyingi enzi za nguvu zake. Mimi ni mwenyekiti. Mada ni hii: kwaya ya vijana ichuje waimbaji wake.

MWALIMU: Mwenyekiti, naunga mkono mada, tena bila kuona haya. Tamasha la muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na msingi wake ni uleule: unapanda jukwaani, waamuzi wanakusikiliza, wanakupa alama, kisha wanasema mbele ya watu wote ulipokosea. Kanuni zinaweka kikomo cha waimbaji, na basi la shule nalo lina viti vyake. Lazima nichague. Namwita kila mtoto peke yake. Namwimbia nota tatu anirudishie, napiga makofi mdundo mfupi anirudishie, namwambia aimbe mstari mmoja wa wimbo wowote anaoupenda. Dakika tatu zinatosha. Asiyeweza kurudisha nota tatu nikimsimamisha katikati ya sauti ya tatu, atawavuta wenzake wanne watoke nje ya ufunguo, na wale wanne hawatajua ni nini kimewapata.

Ukali huo ndio uliotupa majina. Boniface Mganga aliunda Kwaya ya Taifa ya Muungano, na mwaka 1990 sauti zao zikatoka kwenye santuri ya Missa Luba iliyochapishwa na kampuni ya Philips. Vijana wa Boys Choir of Kenya, chini ya Joseph Muyale, waliimba Washington mwezi wa Januari 2009 kwenye sherehe za kuapishwa kwa Barack Obama. Huko hawakupelekwa kwa huruma. Chanda chema huvikwa pete.

MWELEKEZI: Mwalimu, kazi yako naiheshimu, na vikombe vyako nimeviona. Lakini kwaya ulizozitaja zilichota waimbaji kutoka nchi nzima. Wewe na mimi tunachota kutoka kata moja, na wanaokuja ni watoto wa miaka 12, 13, 14. Mtoto anayeshindwa kurudisha nota tatu mara nyingi hana kasoro yoyote ya sikio. Hajawahi kuimba peke yake, basi. Nyumbani anaitikia pamoja na wengine, kanisani vilevile, halafu unamsimamisha mbele yako chumbani, kimya kimya, na koo linakauka.

Mimi nafanya kinyume. Akishindwa kuifikia nota yangu, naishukia yake. Naimba pale alipo, na pengine kwa mara ya kwanza maishani anasikia sauti mbili zikilingana na moja ikiwa yake. Kisha tunapanda hatua moja. Wengine huchukua siku moja, wengine muhula mzima. Dakika zako tatu hazipimi kipaji, zinapima mazoea.

Na Missa Luba uliyoitaja ilizaliwa wapi? Kamina, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1954 padri mmoja, Guido Haazen, alikusanya wavulana wapatao 45 wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu 15. Misa ile iliimbwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958. Haikuanzia kwenye karatasi. Waimbaji wenyewe waliibuni wakiwa mazoezini, kwa namna ya nyimbo za kwao.

MWALIMU: Wavulana 45? Kwani Kamina nzima ilikuwa na watoto 45 tu?

MWELEKEZI: Hapo umenishika. La, hakuna kwaya isiyo na mpaka. Ninachokataa ni mpaka kuwekwa siku ya kwanza, na kuwekwa mara moja tu.

MWALIMU: Basi nikueleze kwa lugha ya hapa kwetu. Kwenye chai tunachuma majani mawili na chipukizi. Hatuchumi kila jani lililoko kichakani, na anayechanganya majani makuukuu kwenye kikapu hurudishiwa kikapu chake pale kituoni.

MAMA: Mwalimu, samahani nikuingilie, hapo umenifikia kazini kwangu. Ni kweli, tunachuma majani mawili na chipukizi. Lakini kichaka kile kile tunakirudia, wiki moja au mbili baadaye, na lile ambalo halikuwa tayari juzi leo liko tayari. Sijawahi kuona msimamizi akisema kichaka king'olewe kwa sababu leo hakijatoa.

Mimi sikusoma muziki. Nina maswali matatu tu, na ningependa nijibiwe kama mzazi. Mwanangu ameimba shuleni tangu gredi ya nne. Mwaka huu sauti ilianza kubadilika, akatolewa. Hakuna aliyemwambia kwa nini, jina lake tu halikusomwa. Swali la kwanza: mtoto anapotolewa, anaambiwaje? La pili: kabla hajatolewa alikuwa anafika nyumbani giza limeingia, amekauka sauti, hajala tangu saa saba. Muda huo nani aliupanga? La tatu ndilo kubwa. Miaka minne ya kwaya imemwachia nini? Nikimpa kitabu cha nyimbo leo, hawezi kukisoma. Anazijua zile nyimbo sita alizofundishwa, na mbili kati ya hizo ni za kusifu wageni wa heshima.

MWENYEKITI: Tuanze na lile la sauti kubadilika, maana ndilo lililotuleta hapa. Mwelekezi?

MWELEKEZI: Mvulana anapobalehe kikoromeo chake kinakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na sauti yake ya kuzungumza inashuka karibu oktavu nzima. Kwa wengine ni miezi michache, kwa wengine ni mwaka na zaidi. Wasichana nao hubadilika, ila kwao mshuko ni mdogo. Utawasikia sauti imejaa pumzi, inachoka haraka, na sisi tunawaambia ni wavivu.

Ubishi huu si wa Kabianga peke yake. Uingereza ya karne ya 19 waliugombania vilevile. Manuel García, mwalimu wa uimbaji aliyetumia kioo kidogo kutazama nyuzi za sauti mwaka 1854, alishauri mvulana anyamaze mpaka sauti itulie. Daktari wa koo Morell Mackenzie akampinga: aimbe, ila kwa kadiri na bila kulazimishwa. Baadaye huko Florida, Marekani, Irvin Cooper alienda hatua nyingine, akataka vijana hawa waandikiwe sauti yao wenyewe, inayokaa ndani ya nota chache wanazozimudu kwa raha. Wengi tunaofanya kazi na vijana leo tuko upande wa Mackenzie na Cooper. Mvulana wa hali hiyo huwa amebakiwa na nota sita au saba zilizo imara. Kazi ya mwelekezi ni kuzijua, kisha kumsogeza: leo sauti ya pili, mwezi ujao ya tatu, mwakani pengine ya nne. Kila baada ya wiki chache namsikiliza upya.

MWALIMU: Maneno mazuri, lakini wimbo uliowekwa kwa shule zote hauguswi. Mwamuzi ana karatasi mkononi. Siwezi kumwandikia mtoto sauti ya tano kwa sababu koo lake liko safarini.

MWELEKEZI: Kwenye wimbo uliowekwa, aimbe nota anazozifikia na anyamaze kwenye zile asizozifikia, na ajue ni zipi. Kunyamaza mahali pake nako ni uimbaji. Kwenye wimbo wa kujichagulia, shusha ufunguo, hakuna anayekukataza. Kwenye nyimbo za kienyeji, mpe ngoma. Ukimtoa kabisa mwaka huu, miaka mitatu baadaye utalalamika kwamba huna besi. Besi yako uliifukuza ilipokuwa gredi ya nane.

MWALIMU: Hilo la besi nalikubali. Kila mwaka natafuta besi.

MZEE: Wanangu, mnazungumza juu ya koo, na mimi nataka kuzungumza juu ya mtoto mwenyewe. Huku kwetu wavulana wengi huingia jandoni likizo ya Desemba. Januari kijana anarudi shuleni si yule aliyeondoka Novemba. Ameambiwa kwamba utoto umekwisha. Sasa mwalimu anamsimamisha katikati ya wasichana na watoto wadogo aimbe sauti ya juu. Hata kama koo linaweza, moyo hautaki. Mwalimu mgeni atamwita mkaidi. Mwalimu anayejua watu wake atampa mahali penye heshima: mstari wa nyuma, sauti ya chini, pamoja na wakubwa wake. Mmesema kule Kamina walimu waliimba pamoja na watoto. Hapo walikuwa na akili. Kijana akimwona mwanamume mzima akiimba bila aibu, naye anafungua kinywa.

La pili. Kwetu wimbo una mwongozaji na una waitikiaji. Mwongozaji huchaguliwa, hilo nakubaliana na binti yangu Mwalimu. Si kila mtu anaweza kuanzisha wimbo, na anayeanzisha vibaya tunamnyamazisha papo hapo. Lakini kuitikia ni kwa wote. Sijapata kusikia mtu akiambiwa asiitikie.

MWALIMU: Mzee wangu, kuitikia ni jambo jepesi kuliko sauti nne zinazopishana.

MZEE: Jepesi kwa nani? Waiteni watoto wenu wa sauti nne waje waitikie wimbo wa kwetu dakika ishirini, mdundo usiyumbe na mtu asichoke, ndipo tuone kama ni jepesi.

Na nyimbo zenyewe mnazichukuaje? Kila mwaka walimu huja kwa wazee kutafuta nyimbo za kupeleka kwenye tamasha. Zipo za harusi, za kazi, za kubembeleza mtoto, hizo chukueni. Zipo za jandoni, na hizo hazitoki. Hazisikizwi na ambaye hajapita huko, sembuse kuimbwa jukwaani mbele ya waamuzi wenye kalamu. Nimewahi kuona mwalimu akibadilisha maneno mawili matatu akidhani ameuficha wimbo. Sisi tuliokaa pale chini tuliujua kutoka mdundo wa kwanza.

MWELEKEZI: Kwa hilo tuna mfano mwema. Wimbo wa taifa ulipotafutwa mwaka 1963, kamati ya wanamuziki watano, akina Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilichukua sauti ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Waliupata kwa mwenyewe, Meza Moroa Galana. Waliuliza kwanza, wakapanga sauti baadaye.

MZEE: Na kuna mfano wa hapa hapa. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita nchi ya Wakipsigis na mitambo yake ya kunasia sauti. Kati ya aliyoyanasa ni wimbo wa wasichana uitwao Chemirocha. Jina hilo lilitoka kwa Mmarekani aliyekuwa akipiga gitaa, Jimmie Rodgers, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku. Wasichana wakamtia ndani ya wimbo wao, kwa mwendo wao wenyewe. Zaidi ya miaka 60 baadaye nakala zikaletwa nyumbani, watu wakasikia sauti za jamaa zao. Wimbo ule haukupigiwa alama na mwamuzi yeyote, na umezunguka dunia. Sisemi tamasha ni baya. Nasema wimbo ulikuwepo kabla ya kikombe.

MWENYEKITI: Swali la pili la Mama: muda, njaa na sauti iliyokauka.

MAMA: Naongeza jambo. Mwanangu alikuwa akirudi hawezi kuniita jina. Nikimuuliza, anasema mvua ilinyesha, wakaambiwa waimbe kwa nguvu zaidi.

MWALIMU: Mama, hapo sitajitetea sana. Darasa letu lina mabati bila dari. Huku mvua huja karibu kila alasiri, wakati mwingine na mawe yake, na masomo huisha ndipo mazoezi huanza. Nikisimamisha mazoezi kila mvua inaponyesha, mwezi utakwisha sijafundisha ubeti wa pili.

MWELEKEZI: Usisimamishe, badilisha kazi. Mvua ikianza mimi naacha kutumia koo. Tunafanya mdundo kwa makofi na miguu. Tunatazama maneno, tunayasoma kwa midomo bila sauti, tunayakariri. Natumia ishara za mikono za solfa, wao wanaonyesha kwa mikono yao nota ninazoandika ubaoni, na ninaona kwa macho nani amepotea. Mvua ikikatika tunaimba, na mara nyingi tunaimba vizuri zaidi kwa sababu kichwa kimetangulia koo.

Kuhusu kukauka sauti, kwanza tupashe sauti. Dakika kumi, kwa upole, tukianzia katikati na kuteremka, halafu ndipo tupande. Maji yawepo. Mtoto asiimbe akiwa na mafua mazito. Na sauti iliyokauka ikipita wiki mbili au tatu bila kurudi, apelekwe kwa daktari, asiambiwe ajikaze.

MAMA: Na chakula?

MWELEKEZI: Na chakula. Anayepumua kwa tumbo anahitaji tumbo lenye kitu. Uji kabla ya mazoezi si anasa.

MWALIMU: Uji unatoka bajeti gani, ndugu yangu? Watu huhesabu vikombe, uji hawauhesabu. Wazazi wanakuja siku ya matokeo wakiuliza tumefika wapi: kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa? Hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza ni watoto wangapi wanajua kusoma solfa. Mwalimu mkuu naye anauliza lile lile wanalouliza wazazi.

MAMA: Basi mimi ndiye wa kwanza. Nakuuliza leo: ni wangapi?

MWALIMU: Wachache. Nafundisha kwa kusikiliza. Naimba, wanarudia, naimba tena, wanarudia. Kwa wiki chache nilizonazo, njia nyingine haipo.

MWELEKEZI: Na sisi kanisani hatujawazidi. Vijana wanasikiliza nyimbo za kwaya za Tanzania kwenye simu, wanaziiga hadi kikohozi cha mwimbaji. Ukiwapa wimbo ambao haujarekodiwa, wanakwama. Lakini solfa si kitu kigeni hapa. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, ndiye aliyeibuni, John Curwen akaieneza kati ya maskini wa Uingereza karne ya 19 kwa sababu haihitaji kinanda wala karatasi ya mistari mitano. Wamisionari wakaileta. Ukimwandikia mtoto do, re, mi ubaoni kwa chaki, umempa muziki wote anaouhitaji ili aanze. Hungary walifanya hivyohivyo kwa nchi nzima: Zoltán Kodály alisisitiza kwamba kila mtoto afundishwe kusoma muziki kwa sauti yake kabla ya chombo chochote.

MWALIMU: Hungary waliweka saa kwenye ratiba. Sisi tuliziondoa. Mtaala ulipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, muziki uliacha kutahiniwa kwenye KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na kisichotahiniwa Kenya hakifundishwi. Mtaala wa umilisi ulioanza 2017 umeirudisha sanaa darasani, nakubali, lakini walimu wengi wanaopewa somo hilo wao wenyewe walipita shule katika miaka ile ya ukimya. Unataka mwalimu afundishe asichokuwa nacho?

MWELEKEZI: Nataka tukutane Jumamosi mbili kwa mwezi, wewe, mimi na yeyote mwingine, tujifunze wenyewe kwanza. Chuo kikuu kiko hapa hapa Kabianga, kumbi zipo, vijana wa kusaidia wapo. Nairobi, huko Korogocho, Elizabeth Njoroge alianzisha Ghetto Classics mwaka 2008, na watoto wa mtaa ule ulio kando ya dampo la Dandora wanasoma muziki kwenye karatasi. Ikiwezekana kando ya dampo, itashindikanaje kando ya chai?

MZEE: Na kiboko?

MWALIMU: Mzee, kiboko kilipigwa marufuku shuleni tangu 2001.

MZEE: Najua. Nauliza kile cha mdomo. Nimekaa nje ya dirisha nikasikia mtoto akiitwa debe tupu mbele ya wenzake arubaini. Aliyeitwa hivyo hakuimba tena siku ile, na walio pembeni yake nao wakaimba kwa hofu. Sauti yenye hofu inabana. Hata mimi ambaye sijasoma solfa naisikia.

MWALIMU: Ukali una mahali pake.

MZEE: Uwe juu ya wimbo, usiwe juu ya mtoto. Mwambie, "nota ile iko chini, ipandishe." Hapo umekuwa mkali na hujamvunja mtu.

MWENYEKITI: Kila mmoja atoe neno la mwisho.

MWALIMU: Nabaki na msimamo wangu juu ya jukwaa. Jukwaani wapande wanaoweza. Kumpandisha mtoto asiye tayari ili aaibike mbele ya ukumbi mzima si wema. Lakini nimesikia kwamba jukwaa na mazoezi ni vitu viwili, na mimi nimekuwa nikivifunga kwa kamba moja.

MWELEKEZI: Nami nakubali kwamba bila lengo mazoezi hulegea. Kwaya yangu haina mwamuzi, na kuna Jumapili tunaimba ovyo kwa sababu tunajua waumini watasema amina hata hivyo.

MAMA: Mimi nataka mwanangu arudi, hata kama ni wa kupiga ngoma kwanza. Asiyekuwapo na lake halipo.

MZEE: Ulizeni kabla ya kuchukua wimbo. Yangu yamekwisha.

Uamuzi wa mwenyekiti

Kwa jinsi ilivyoandikwa, mada imeanguka. Haikuangushwa na huruma. Imeangushwa na hesabu ya Mwalimu mwenyewe, anayetafuta besi kila mwaka huku akiwatoa wavulana ambao wangekuwa besi. Kuchuja watoto wa miaka 13 kwa kipimo cha siku moja ni kutupa kile ambacho bado hakijajulikana ni nini. Lakini hoja yake juu ya jukwaa imesimama. Mashindano yana kikomo cha watu na yana haki ya kudai ubora, na mtoto hujifunza jambo la maana anapojua kwamba nafasi ile hutafutwa kwa kazi.

Basi mlango wa mazoezi uwe wazi, na nafasi za jukwaani zishindaniwe upya kila msimu. Atakayekosa nafasi aambiwe sababu uso kwa uso, na aambiwe afanye nini ili aipate mwakani. Mvulana ambaye sauti yake inavunjika asitolewe mazoezini kwa sababu hiyo, apewe sauti ya kumfaa au chombo cha kushika, na asikilizwe tena kila baada ya wiki chache. Nyimbo za mila ziombwe kwa wenyewe, na wakisema hapana, hapo ndipo mwisho. Solfa ifundishwe tangu muhula wa kwanza, dakika kumi kila mazoezi, kwa wote, wale wa jukwaani na wale wanaosubiri. Kikombe hukaa ofisini kwa mwalimu mkuu. Kusoma muziki mtoto huondoka nako.

Walimu wakuu wa Kericho na Bomet, ombi langu kwenu ni moja, nalo halihitaji pesa nyingi. Wekeni mazoezi ya kwaya kwenye ratiba ya wiki, mwaka mzima, badala ya kuyasukuma kwenye saa za giza za wiki tatu kabla ya tamasha. Na wazazi, siku ya matokeo mkimwendea mwalimu wa kwaya, ongezeni swali la Mama juu ya lile mlilozoea. Mkishajua shule imefika ngazi gani, ulizeni pia ni watoto wangapi wanaweza kusoma wimbo ambao hawajawahi kuusikia. Mwalimu hufundisha anachoulizwa.